Nike Asiye na Kichwa, Ndani ya Saa Isiyo na Mishale

Mtu akiniletea saa na kuniambia, "Fundi, hii imetengenezwa kwa mkono," huwa namuuliza: mkono wa nani, na sehemu ipi? Siulizi kwa ubishi. Kazi yangu ni kufungua saa. Nilianzia Tanga, zama ambazo mwalimu na karani wa forodha wote walivaa saa za kutia ufunguo, nikaenda kufanya kazi Mutrah, Oman, kisha nikarudi kwenye meza yangu ya Tanga. Katika biashara yetu hakuna maneno yanayotumika ovyo kama hayo ya "kwa mkono". Utayakuta hata kwenye maboksi ya saa za betri ambazo bei yake haifiki nauli ya basi kwenda Dar.

Nimeamua basi kuchukua saa moja tu, katika zile zinazosifiwa sana, na kuikagua kama ninavyokagua saa ya mteja: kipande kwa kipande, nikiutafuta mkono.

Saa yenyewe ilitolewa mwaka 2022 na Vacheron Constantin wa Geneva, Uswisi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1755 na kijana wa miaka 24, Jean-Marc Vacheron. Walishirikiana na Jumba la Makumbusho la Louvre, Paris, wakatoa saa za aina nne, kila aina ikibeba kazi moja ya kale inayotunzwa Louvre. Moja ina sfinksi wa Tanis kutoka Misri. Moja ina simba wa Dario, mfalme wa Uajemi. Nyingine ina sura ya Kaisari Augusto wa Roma. Hii ninayoizungumzia ina Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki, katika umbo la sanamu iitwayo Ushindi wa Samothrace. Za Nike zilitengenezwa tano tu. Kwa hiyo wewe hutaiona dukani, na mimi sijaigusa. Ninachokijua ni mbinu zake, maana mbinu hizo nimezikuta kwenye saa nyingine zilizopita mezani kwangu, zenye umri mkubwa na majina madogo.

Huku kwetu wengi wanalijua jina la Nike kutoka viatuni. Kampuni ya Marekani ilianza kulitumia jina hilo mwaka 1971. Lakini katika hadithi za Wagiriki, Nike ni binti wa Pallas na Styx, na Styx ni mto wa kuzimu na mungu kwa wakati mmoja. Mshairi Hesiod anasimulia kwamba Zeus alipotaka kupigana na Watitani, miungu waliotawala kabla yake, Styx alikuwa wa kwanza kufika upande wake, akiwa amewaleta watoto wake wote: Nike na ndugu zake Zelos, Kratos na Bia, yaani ushindi, ari, nguvu na mabavu. Zeus hakuusahau wema huo. Styx alipewa heshima ya kuapiwa na miungu wote, na wanawe wakapewa makao ya kudumu kando ya Zeus. Wachongaji wa Kigiriki walizoea kumwonyesha Nike akiwa na mbawa, akitua penye mshindi, awe mpiganaji au mkimbiaji.

Na asidhani mtu kwamba mungu huyo hajafika kwetu. Medali za Michezo ya Olimpiki ya kiangazi zimekuwa na umbo lake tangu mwaka 1928. Kipchoge Keino alimbeba Nike kutoka Mexico hadi Kenya mwaka 1968. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliporudi Tanzania na medali zao za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, walikuwa naye vifuani.

Sanamu ya Samothrace ni ya karibu mwaka 190 kabla ya Kristo. Mwili ni wa marumaru nyeupe ya kisiwa cha Paros. Umesimama kwenye omo la meli lililochongwa kwa marumaru ya kijivu ya Rhodes, upepo wa bahari ukiupiga usoni, vazi likigandamana na tumbo na mapaja kana kwamba limelowa. Mwaka 1863 mwanadiplomasia Mfaransa, Charles Champoiseau, aliufukua vipande vipande katika kisiwa cha Samothrace na kuupeleka Paris. Mawe ya meli aliyadhani ni ya kaburi, akayaacha. Ilibidi arudi kuyachukua mwaka 1879. Kichwa hakijapatikana hadi leo. Mikono nayo haipo, isipokuwa kiganja cha kulia kilichofukuliwa mwaka 1950, ambacho kimewekwa kwenye kabati la kioo karibu na sanamu. Bawa la kulia wanalolipiga picha watalii ni plasta tupu, limenakiliwa kutoka bawa la kushoto na kugeuzwa. Mwaka 1939, vita vilipowadia, Wafaransa walimteremsha Nike ngazi za Louvre kwenye njia ya mbao iliyotengenezwa makusudi, wakamficha katika jumba la Valençay mpaka amani iliporudi.

Sanamu hiyo ina kimo cha mita 2.75 hivi, bila kuhesabu meli. Kasha la saa lina upana wa milimita 42. Uso wa saa ulio ndani ya kasha ni mdogo zaidi ya hapo, na Nike amepewa sehemu ya katikati tu.

Hapa mkono wa kwanza unaonekana. Nike wa saa hii ni kipande cha dhahabu kilichochongwa na kupachikwa juu ya uso. Mchongaji hufanya kazi chini ya hadubini, akisukuma kalamu ya chuma ngumu ambayo ameinoa mwenyewe. Hapaki kitu, anaondoa. Dhahabu iliyoondoka haina namna ya kurudi. Tatizo lake kubwa ni kina. Marumaru ya Louvre unaweza kuizunguka, ukaona bawa linavyokaa nyuma ya bega na goti linavyojitokeza mbele. Mchongaji wa saa ana unene usiofika kucha, na ndani ya unene huo lazima jicho liamini kwamba bawa liko mbali na goti liko karibu. Anafanya hivyo kwa kuchezea mwanga: mikunjo ya vazi huku hukatwa kwa kina na kuachwa na kivuli, kule hupigwa msasa laini ing'ae. Masonara wa Nizwa, Oman, wanaotia nakshi ala za majambia yaitwayo khanjari wanaijua hesabu hii, ingawa wao wana nafasi ya kutosha kupumua. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba hawakumbunia kichwa. Wamemwacha kama alivyotoka ardhini.

Baada ya kumchonga, swali la fundi saa ni: mishale ipite wapi? Saa ya kawaida ina mishale miwili au mitatu inayozunguka kutoka katikati, na mshale wa dakika ungempita Nike kifuani kila saa. Geneva walikuwa na jibu tayari, mtambo wao uitwao 2460 G4/2, ambao hauna mishale kabisa. Una visahani vinavyozunguka chini ya uso, na pembeni kuna vidirisha vinne vinavyoonyesha saa, dakika, siku ya juma na tarehe. Saa na dakika husogea polepole. Siku na tarehe huruka. Katikati panabaki uwanja mtupu wa mchongaji.

Mtambo huo una vipande 237 na vito 27. Hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, na ukishajaa unatembea kwa muda wa saa 40 hata usipovaliwa. Hujitia ufunguo wenyewe, kwa kipande kizito cha dhahabu kinachozunguka mkono unapotikisika. Ukiigeuza saa, kupitia kioo cha yakuti cha mgongoni, utaona kipande hicho kimechorwa ukuta wa mbele wa jumba la Louvre.

Kwa asiye fundi, kuondoa mishale ni kama kurahisisha kazi. Ni kinyume chake. Mshale hauna uzito wa kutajwa. Kisahani kina uzito, na kila kinaposogea kinakula nguvu ya kamani. Kile cha tarehe kinaporuka usiku wa manane kinahitaji nguvu ya ghafla, nayo lazima iwe imekusanywa pole pole kabla, la sivyo saa itachelewa au itasimama. Nimewahi kurekebisha saa za Kijapani zenye siku na tarehe zilizokuwa zikisimama kila usiku wakati huohuo, mteja akiapa kwamba kuna jini. Jini lilikuwa mafuta yaliyoganda na kamani iliyochoka.

Kidirisha cha saa kikionyesha 7 asubuhi, mimi nitasoma saa moja kama nilivyolelewa. Sioni kwamba nitakuwa nimemkosea Nike. Wagiriki wenyewe walizihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kumi na mbili mpaka litue, na ni sisi tuliobaki karibu na desturi hiyo kuliko Geneva.

Nyuma ya Nike kuna enameli, na hapo ndipo ningemsimamisha msomaji kwa muda mrefu.

Enameli ya tanuri watu huidhani ni rangi. Ni kioo. Fundi wa enameli huanza na mabonge ya kioo kilichochanganywa na oksidi za madini: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, na kadhalika. Huyasaga kwa kinu na mchi vya agati, kwa mkono, kisha huuosha unga kwa maji safi tena na tena mpaka maji yatoke maangavu. Unga usiooshwa vizuri hutoa rangi yenye ukungu. Huutandaza juu ya bamba la dhahabu ukiwa mbichi, kwa brashi nyembamba au unyoya uliochongwa ncha, na kuuacha ukauke kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki utachemka tanurini na kuacha kitundu. Bamba linaingia kwenye joto linalozidi nyuzi 800 za Selsiasi kwa muda mfupi sana. Fundi husimama mlangoni mwa tanuri akitazama unga ukiyeyuka na kuanza kumeremeta. Akiutoa mapema, uso utakuwa na chembechembe. Akichelewa, rangi itaungua. Hakuna kengele ya kumwambia sasa.

Kisha anarudia. Tabaka la pili, la tatu, na kuendelea, kila tabaka na safari yake ya motoni, na kila safari inahatarisha kazi yote iliyotangulia. Dhahabu na kioo havitanuki sawasawa vikipata joto, wala havinywei sawasawa vikipoa, ndiyo maana enameli hupasuka. Ili kulizuia hilo, bamba hupakwa enameli nyuma pia, upande ambao hautaonekana na mtu yeyote mpaka saa ifunguliwe na mimi au mwenzangu. Bila tabaka hilo la nyuma bamba hupinda. Nilipoliona kwa mara ya kwanza nilidhani fundi wa zamani alimwaga enameli kimakosa. Mwalimu wangu wa kazi alicheka, akaniambia kwamba hilo ndilo linaloshikilia yote.

Mbinu ziko kadhaa. Kuna ya kuzungushia nyuzi za dhahabu nyembamba zinazotenga rangi moja na nyingine. Kuna ya kuchimba vijishimo kwenye dhahabu na kuvijaza unga. Kuna ya kuweka weupe juu ya weusi, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo litokeze gizani. Na kuna ya kuchora picha nzima kwa brashi yenye unywele mmoja au miwili. Zote zinaishia mlango uleule wa tanuri.

Nikiwa Mutrah alinijia mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman ujanani, akiwa na saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Ilikuwa na uso mweupe wa enameli, namba za Kirumi nyeusi, na ufa mwembamba kutoka kwenye namba tatu hadi katikati.

"Mwanangu," akaniambia, "huo ufa nizibie, lakini uso usiubadili."

"Ami, ufa wa enameli hauzibiki ukarudi ulivyokuwa. Nitaisafisha mashine itembee, uso tuuache."

Akaitazama kidogo. "Basi itembee na ufa wake."

Uso ule ulikuwa mkubwa kwetu sote wawili kwa umri, na weupe wake ulikuwa haujabadilika. Siku zilezile nilizipata mezani saa za miaka ya 1970 zenye alama ya khanjari ya Oman usoni, za aina ile aliyokuwa akiigawa Sultan Qaboos kama zawadi. Watu hulipa fedha nyingi sana kwa khanjari ile, nami sina ugomvi nao. Lakini ile ni chapa ya wino juu ya rangi, na wino huliwa na jua na unyevu. Kioo kilichopikwa hakifanywi lolote na jua.

Miungu wa Kigiriki hawakuanza kuingia kwenye saa mwaka 2022. Geneva ilikuwa mji wa masonara kabla ya kuwa mji wa saa. Katika karne ya 16, mhubiri Jean Calvin na wenzake walipoubana mji kwa sheria za dini, mapambo ya anasa yalipigwa vita na masonara wakakosa kazi. Saa ilihesabiwa kuwa chombo chenye manufaa, kwa hiyo mikono iliyokuwa ikichonga vikombe vya kanisa ilihamia kwenye makasha ya saa, na ujuzi wa wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa ukaongezeka juu yake. Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva walikuwa na chama chao chenye kanuni. Karne hiyohiyo ya 17 Wafaransa wa Blois na Châteaudun waligundua namna ya kuchora picha kwa enameli, na muda si muda familia ya Huaud ikawa inaifanya kazi hiyo Geneva: makasha ya saa za mfukoni yaliyojaa miungu na mashujaa wa Kigiriki na Kirumi, kila moja kubwa kama sarafu. Tajiri wa zama zile aliivaa hadithi ya Venus mfukoni. Mafundi wenyewe walikaa ghorofa za juu kabisa za nyumba za mtaa wa Saint-Gervais, karibu na paa, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga.

Leo wenye ujuzi wa enameli ni wachache mno. Anita Porchet, Mswisi, ndiye anayetajwa kwanza kila yanapozungumzwa mambo haya. Kampuni kubwa zinazoshindana madukani hupiga foleni kwake. Alifundwa na Suzanne Rohr, na mwaka 2017 wawili hao walituzwa pamoja mjini Geneva katika tuzo kuu za saa. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ufundi wa saa za mashine wa milima ya Jura, upande wa Uswisi na wa Ufaransa, kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nililifurahia hilo, ingawa nilijiuliza kama kuna aliyewakumbuka mafundi wa vibanda duniani kote waliozifanya saa hizo zitembee miaka sitini baada ya kuuzwa.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mkono uko wapi?

Hauko kila mahali. Magurudumu na mabamba ya mtambo wa kisasa, hata wa kampuni kubwa kabisa, hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Sioni aibu yoyote katika hilo, na kampuni inayoficha ndiyo inayonitia wasiwasi. Mkono huingia baadaye. Kingo za kila bamba huinamishwa kwa pembe na kung'arishwa. Mafundi wa bonde la Joux, Uswisi, walizoea kutumia vijiti vya mmea wa mlimani uitwao gentiana, vilivyopakwa dawa ya kung'arishia. Mahali pawili paking'arishwa pakakutana kwa ndani na kuacha pembe kali, hapo ujue alikaa mtu, kwa sababu ncha ya mashine ni ya duara na haiwezi kuingia kwenye kona ile. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta nikifungua mgongo wa saa ya bei kubwa. Tangu mwaka 1886 serikali ya Geneva ina muhuri wake wa kuthibitisha kazi ya namna hiyo, na mtambo wa saa ya Nike unao.

Kuna watu waliokwenda mbali zaidi. Mwingereza George Daniels, aliyefariki mwaka 2011, alikaa kwenye kisiwa cha Man akitengeneza saa nzima peke yake, kasha, uso, mishale na magurudumu, na kazi yake ikaendelezwa na mwanafunzi wake Roger Smith. Mwaka 2019 kampuni ya Greubel Forsey ya Uswisi ilitoa saa iitwayo Hand Made 1, ambayo wanasema asilimia 95 yake imefanywa kwa zana zinazoendeshwa na mkono, hata kamani nyembamba ya balansi, gurudumu linalobembea ndani ya saa, na kwamba moja hula saa 6,000 hivi za kazi. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo zinazostahili neno "kwa mkono" bila maelezo ya ziada. Saa ya Nike inahitaji maelezo: uso wake ni wa mkono kikwelikweli, mtambo wake ni wa mashine uliomaliziwa na mkono. Nadhani muuzaji mwaminifu angelisema hivyo hivyo, na mnunuzi angenunua vilevile.

Wagiriki, kwa njia, wasionekane walileta hadithi tu na kuwaachia wengine mitambo. Mwaka 1901 wapiga mbizi wa sponji kutoka kisiwa cha Symi waliopoa kutoka meli iliyozama karibu na Antikythera bonge la shaba iliyoliwa na chumvi. Ndani yake kulikuwa na magurudumu ya meno, 30 yamesalia. Kilikuwa chombo cha kuhesabu mwendo wa jua na mwezi, kupatwa kwake, na hata zamu za Michezo ya Olimpiki, nacho kina zaidi ya miaka 2,000. Kiko kwenye makumbusho ya taifa ya Athens, na mwaka 2012 kampuni ya Hublot ilionyesha saa ya mkono iliyoiga magurudumu yake. Ningepewa nafasi ya kufungua saa moja tu kati ya hiyo ya Hublot na ya Nike, ningefungua hiyo ya Hublot. Ya Nike ningeitazama.

Kuhusu usahihi nisidanganye mtu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1969, Seiko walianza kuuza Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya kwazi, ambayo kito chake kidogo hutetemeka kwa umeme wa betri. Leo saa ya kwazi ya bei ya chini kabisa inaweza kuipita ya Geneva kwa kushika wakati. Simu yako inaipita pia. Anayenunua Nike wa dhahabu hanunui wakati. Ananunua saa nyingi za macho ya watu wawili watatu, na ujasiri wa kulirudisha tanurini bamba ambalo tayari lilikuwa zuri. Kama bei inastahili ni shauri la mfuko wake. Bei za saa hizi hazibandikwi dirishani, na mimi sijawahi kuona busara ya kuvaa nyumba mkononi. Lakini kazi yenyewe ni halali, na naiheshimu.

Nina ombi moja kwa msomaji. Saa nyingi za mfukoni na za ukutani walizotuachia wazee wetu wa pwani zina nyuso za enameli, na wenyewe hawajui. Zitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa jua. Uso wa enameli unameremeta kama kikombe cha kaure, na ukiwa na ufa utauona ni wa kioo, mwembamba kama unywele. Ukiwa nayo, usikubali fundi aupake rangi uso huo, asiutie kwenye sabuni kali wala mashine ya kutetemesha, na asiubadili kwa uso mpya wa bati eti unapendeza. Mwambie asafishe mtambo, atie mafuta, abadili kamani kama imechoka. Akikataa kuuacha uso kama ulivyo, chukua saa yako uende kwa fundi mwingine.